Aliyepanda Mizabibu

Tulimwita Daktari, na kwa miezi ya mwanzo watu wa kwetu milimani, juu ya Bura, walimletea watoto wenye homa. Aliwapokea kwa adabu, akawagusa paji la uso, kisha akawaeleza mama zao waende zahanati, kwa kuwa yeye alikuwa daktari wa mizabibu peke yake. Mama mmoja alimuuliza mizabibu huumwa nini. Alimjibu kwa dakika arobaini. Mtoto alilala mgongoni, akaamka, akalala tena. Nilikuwepo, na dakika hizo nilizihesabu kwa saa ya mume wangu.

Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kazi iliyomleta milimani ilikuwa kuzalisha aina mpya ya mzabibu, utakaovumilia baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti na bado uzae zabibu za kuliwa. Alikuwa amesomea nchi ya theluji. Alitusimulia kwamba huko wakulima huilaza mizabibu chini na kuifukia kwa udongo kabla ya majira ya baridi, kama sisi tunavyofukia viazi, kisha huifukua baridi inapopungua. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Theluji hatuna, Daktari, lakini baridi tunayo ya kutosha. Tunaweza kukukopesha."

Daktari hakucheka. Alitoa daftari akaandika.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana bila hiyo mtu huyu haelezeki. Alikuwa na mizabibu ya aina mbili. Mmoja ulitoka huko kwa theluji: zabibu zake ndogo, chachu za kukunja uso, lakini mmea hauogopi kitu. Wa pili ulitoka Dodoma, mtamu, ila Juni yetu ikiugusa tu hushikwa na ubwiri, ule utando mweupe unaoanzia chini ya jani na kumalizikia kwenye kishada. Alitaka mtoto wa hao wawili. Alichukua kibano, akang'oa sehemu za kiume za kila ua kabla halijafunguka, maua madogo kuliko punje ya mtama, akafunika kishada kwa mfuko wa karatasi, na baada ya siku chache akapaka chavua ya ule mwingine kwa brashi. Mbegu zilizopatikana zilizaa miche mia tatu na kumi, na hakuna mche uliofanana na mwenziwe. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja na kuandika ni upi unakufa lini.

Kazi ya kuandika niliifanya mimi.

Niliingia darasa la ngumbaru nikiwa na miaka arobaini na minne, na sioni haya kulisema. Siku aliyokuja Daktari kukagua upogoaji wa kwanza, aliwauliza vibarua walipogoa lini. Walimwambia, wiki iliyopita. "Wiki iliyopita si tarehe," alisema. Nikamwambia kutoka jikoni kwamba safu mbili za juu zilipogolewa Jumanne asubuhi, na ya chini Alhamisi, kwa sababu Jumatano mvua ilinyesha tangu saa mbili hadi saa nane. Alinitazama kwa muda, akaja mlangoni, akanipa daftari na penseli. Alinikataza kalamu ya wino. Alisema wino huyeyuka katika ukungu, na kweli huyeyuka. Kwa miaka mitano niliandika siku ya kupogoa, siku jicho la kwanza la tawi lilipochipua, siku ya ua la kwanza, siku zabibu zilipoanza kugeuka rangi, na siku ubwiri ulipoonekana na ulionekana kwenye mche upi. Madaftari matano. Ndani yake hamna tarehe hata moja ya kubahatisha.

Alikuwa mkali kwa uandishi wangu na nilimshukuru kwa ukali huo. Alinisahihisha hata nilipoandika "kishada" mahali pa "vishada." Macho yangu yalipoanza kushindwa na mistari, alinipeleka Voi mwenyewe kupimwa miwani, akakaa kwenye benchi saa tatu nzima akingoja, akisoma karatasi zake. Wageni wa chuo walipokuja aliwasomea ukurasa wangu mmoja kwa sauti, akasema, "Huyu mama ndiye macho yangu huku." Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata alituletea makala yake iliyochapishwa. Binti yangu Wakesho alinitafsiria Kiingereza chake. Tarehe zangu zilikuwemo zote, zimepangwa katika jedwali, siku kwa siku. Tulipofika ukurasa wa shukrani, Wakesho alisoma polepole, akarudia, akanitazama. Palishukuriwa "wakulima wa eneo hilo."

"Labda hakukuwa na nafasi, mama," alisema.

Nilipima kwa rula. Nafasi ilikuwepo.

Mtu huyu hakuvuka barabara ya Voi bila kutazama pande zote mbili mara mbili. Alikuwa na faili nene la vibali, kila kibali na nakala yake. Hata hivyo, vijiti vya kupanda vya ule mzabibu wa Dodoma alivipokea sokoni Njukini, mpakani, kutoka kwa mchuuzi wa maharagwe, vimefungwa kwa kitambaa chenye maji, katikati ya gunia. Nilimuuliza habari ya kibali.

"Kibali kiko njiani, Mama Wakesho."

"Na vijiti?"

"Vijiti vimetangulia."

Hakuwa mnywaji. Hakuwahi kuonja divai, na alijisifia hilo kama wengine wanavyojisifia kuinywa. Padre alipanda mlimani siku moja kuuliza kama shamba lile lingeweza siku zijazo kutoa divai ya altare. Daktari alimjibu kwamba yeye anatafuta mmea unaovumilia baridi, na mengine si idara yake. Kuonja zabibu kwake kulikuwa kipimo tu. Alifumba macho, akatafuna, akameza maji yake, akabaki na mbegu mdomoni akiziponda kwa meno ya mbele ili ajue kama zimekomaa, kisha akazitema katika leso na kuikunja vizuri. Alitufundisha sote kutafuna mbegu. Mpaka leo nikila zabibu za dukani hutafuna mbegu, na watu hunitazama.

Mche namba 214 niliuona mimi kwanza. Ilikuwa Ijumaa ya tatu ya Julai, mwaka wa nne, ukungu umekaa siku kumi na moja bila kuondoka. Miche jirani yake yote ilikuwa imeshikwa. Niligeuza majani ya 214 moja baada ya jingine, upande wa chini, na yote yalikuwa safi. Nilimpigia simu akiwa Voi. Alisema, "Geuza tena, kuanzia juu." Niligeuza tena. Jioni alifika kwa bodaboda, amelowa mpaka ndani ya viatu, akapiga magoti mbele ya mmea ule. Nadhani siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote walio hai katika kaunti hii. Aliufumbata mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Mume wangu hakuishi kuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka wa tatu, Jumapili, na tulimzika Jumamosi iliyofuata. Wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya kupogoa. Daktari alikuja mazishini amevaa suti nyeusi, akasimama nyuma kabisa, na watu walipoanza kula aliteremka shambani na makasi yake. Alipogoa safu tatu akiwa na suti ile. Nilimwona kutoka uani, mgongo umeinama, na nikawaambia wanawake waliokaa nami kwamba ile ndiyo namna yake ya kulia. Leo sina hakika. Huenda ilikuwa tu kwamba siku ilikuwa imefika.

Sasa nitafika kwenye ardhi, maana hapo ndipo nilipomjua.

Shamba letu lilikatwa ngazi tatu mlimani. Mizabibu ilikuwa kwenye ngazi ya chini, ile yenye udongo mzuri. Mume wangu alimwazima Daktari ngazi hiyo bila malipo, na kwetu kuazima kuna sharti lake. Aliyeazimwa shamba hupanda mahindi, maharagwe, mboga, kitu cha kung'olewa msimu ukiisha. Mti hapandi. Akipanda mti amedai ardhi, na mwenye nyumba aliyemruhusu apande ameitoa ardhi ya ukoo kwa mgeni bila kuwauliza ndugu. Kosa hilo halifutwi kwa mbuzi mmoja.

Mume wangu alilifikiria jambo hilo kwa uangalifu, na hapo ndipo alipokosea. Mlima wetu hauna majira ya baridi ya kutosha kuulaza mzabibu usingizi, kwa hiyo Daktari aliulaza kwa mikono: alichuma kila jani, akakata matawi mpaka yakabaki na macho mawili mawili. Mume wangu aliangalia vile vijiti vikavu vilivyobaki akasema, "Kumbe ni kama maharagwe tu. Msimu umeisha." Akaenda kuwaambia ndugu zake. Walikuja, wakaona vijiti, wakakubali kwamba ni zao la msimu.

Daktari alikuwepo akisikia. Hakusahihisha. Aliyenisahihisha "kishada" na "vishada" alisikia kosa la ukubwa ule, akanyamaza, kwa sababu lilimfaa.

Miaka miwili baada ya mazishi mizabibu ilikuwa imepanda waya, mashina yamenenepa kama kifundo cha mkono, na hakuna aliyeweza tena kuiita maharagwe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alinipeleka mbele ya baraza la wazee. Alidai kwamba nyumba ya kaka yake ilimpa mgeni ardhi ya ukoo apande miti, na kwa hiyo ngazi ya chini irudi kwa ndugu. Mzee wa kijiji alinieleza pembeni, kwa huruma, kwamba kesi nzima imesimama juu ya swali moja: nani aliipanda. Ikiwa ni mkono wangu, mizabibu ni mali ya nyumba ya marehemu na ardhi inabaki kwangu. Ikiwa ni mkono wa mgeni, nimeshindwa.

Na ulikuwa mkono wangu. Mashimo mia tatu na kumi niliyachimba mimi, na miche niliishika mimi kwa shina Daktari akisoma namba. Niliteremka Voi Jumatano, siku mbili kabla ya baraza, nikamkuta kwenye nyumba ya wageni alikozoea kulala.

"Sikuombi useme uongo," nilimwambia. "Sema tu nani alichimba na nani alishika mche."

"Nitasema ukweli, Mama Wakesho."

"Ndio ninaoutaka."

"Usiwe na wasiwasi," alisema, akaniagizia chai.

Ijumaa saa nne asubuhi, madaftari yangu yakiwa mezani kama ushahidi, mzee wa kijiji alimuuliza mbele ya watu wote: mizabibu ile aliipanda nani?

Daktari alisimama. Alikuwa na barua ya chuo mkononi. Baadaye nilielewa barua ilisema nini: kwamba mtu akithibitika kuwa ndiye aliyepanda, angeweza kudai haki juu ya aina mpya ya mzabibu, na namba 214 ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kudaiwa.

"Aliyechimba ni mama huyu," alisema. "Lakini aliyepanda ni chuo."

"Chuo kina mikono?" mzee mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

"Mama alikuwa akitekeleza maagizo. Miche ni ya chuo. Hata madaftari aliyonayo pale ni ya chuo."

Shemeji hakuhitaji kusema neno. Hata hivyo mzee wa kijiji, Mungu amrehemu, alijaribu kunifungulia mlango wa mwisho. Alimuuliza Daktari kama mzabibu ni mti kweli, au ni kitu cha kupanda na kung'oa kama mume wangu alivyoamini. Aliuliza: "Huu mmea huishi miaka mingapi?"

Angeweza kusema hajui kwa hapa kwetu, na huo ungekuwa ukweli mtupu, kwa kuwa hapajawahi kuwa na mzabibu uliozeeka mlimani kwetu. Lakini uso wake ulichangamka. Nilikuwa nimeuona uso ule mara nyingi na niliupenda. Alieleza habari za mizizi, za mashina aliyoyaona ng'ambo, manene kama mwili wa mtu. "Ukitunzwa vizuri," alimaliza, "huishi kupita aliyeupanda, na kupita watoto wake."

Mzee alifumba macho kidogo. Kesi ilikuwa imekwisha.

Niliyachukua madaftari yangu matano kutoka mezani, nikayafunga kwenye leso yangu, nikatoka. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono, si wazee, si Daktari. Ndugu walikipa chuo muda wa kuhamisha mizabibu. Chuo kiliandika barua, kikaunda kamati. Jumamosi ya mwisho ya Septemba shemeji aliing'oa yote kwa jembe, kuanzia safu ya juu, na 214 ilikuwa ya nne kutoka mwanzo. Bila ngazi ile, mbili zilizobaki hazikunilisha. Nikahamia Voi kwa Wakesho, katika joto nisilolizoea, nami sijalizoea bado.

Daktari alikuja mwaka huu, mwezi wa Machi, Jumatatu. Nilimfahamu kwa namna alivyosita ukingoni mwa barabara akitazama pande zote mbili. Amestaafu. Amekonda, na mkono wa kulia unatetemeka kiasi kwamba hawezi tena kushika kibano. Wakesho alimpa kiti, akatoka kwa heshima, ingawa najua alibaki nyuma ya mlango.

Alisema kwamba kabla ya baraza alikuwa amekata vijiti vya 214 akavipeleka mahali pa baridi, na vitano viliishi. Sasa vimekuwa mizabibu na vinazaa. Lakini aina mpya haikubaliwi rasmi bila kumbukumbu za asili yake na tarehe zake, na nakala za chuo zilipotea ofisi zilipohamishwa.

"Umebaki wewe tu," alisema. "Ningependa ikubaliwe nikiwa hai."

"Ulisema ni madaftari ya chuo. Kayaulizie chuoni."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. "Tunaweza kuupa mzabibu jina lako, Mama Wakesho."

"Jina langu lina kazi ya kutosha."

Hata hivyo sikumfukuza, kwa kuwa nilikuwa na neno langu, na nilikuwa nimekaa nalo miaka mingi. Nilimwambia madaftari nitampa yote matano, kwa sharti moja. Apande mlima mpaka Bura, asimame mbele ya shemeji, aseme nani aliyepanda.

"Ardhi haitarudi," alisema.

"Najua."

"Wazee wenyewe wengi wamekwisha kufa."

"Shemeji yuko hai."

Tulipanda mlima Jumatano ya wiki hiyo hiyo, madaftari yakiwa katika mfuko wangu. Kutoka barabarani hadi shambani ni mwendo wa dakika ishirini. Tulitumia saa nzima na robo, kwa sababu ilimbidi apumzike kila baada ya hatua chache. Sikumshika mkono. Nilimngoja kila aliposimama, na hilo naliandika ili isionekane kwamba nilimwonea.

Ngazi ya chini sasa ina kabichi, safi, zimejaa vizuri. Shemeji alikuwa akinyunyizia dawa, pampu mgongoni. Alitusalimia, akaniuliza habari za Wakesho. Daktari alivua kofia yake. Pumzi haikumtosha, kwa hiyo maneno yalitoka mafupi mafupi, lakini yalitoka yote.

"Nilikuja kusema neno. Ile mizabibu aliipanda mama huyu. Kwa mkono wake. Nilijua hivyo siku ile, na sikusema."

Shemeji alizima pampu. Alimtazama Daktari, akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na kejeli hata kidogo. Mtu aliyeing'oa kwa jembe lake mwenyewe, safu kwa safu, tangu asubuhi mpaka saa kumi, aliuliza kama anayetaka kujua kweli:

"Mizabibu gani?"

Daktari alifungua mdomo kumwelezea. Nikamwambia twende.

Alitimiza sharti, na ahadi yangu ni ahadi. Tulipokuwa tukingojea gari, saa tisa na dakika kumi alasiri, alinyoosha mkono wake unaotetemeka tuagane. Mkononi humo niliuweka mfuko wa madaftari.